Hita ya Mwenyekiti

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza wa Malindi, hii yetu ya milimani Usambara, si ile ya pwani, kukaa kiti cha mbele cha Landrova ya kijiji. Wa kwanza kabisa, na anayebisha aje tubishane wakati bado nina meno. Kabla yangu alikaa mbuzi wa kamati ya mapokezi, naye alikuwa jike, kwa hiyo tuseme mimi ni wa kwanza kati ya wale tusio na mkia.

Gari hilo tuliachiwa na wazungu wa mradi wa mboga. Walikuja kutufundisha kulima kabichi, wakakuta tunalima kabichi, wakapiga picha, wakaondoka. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, kila kitu chetu sote, na Landrova nayo ikawa yetu sote. Ilikuwa yetu sote kuisukuma ikikwama kwenye utelezi. Ilikuwa yetu sote kuiosha, na yetu sote kuipungia mkono ikipita. Kwenye kukaa ndani, ndipo "sisi sote" ilipopungua watu.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Nikodemo, mume wa binti yangu Raheli. Sisemi ubaya wa mkwe wangu. Alikuwa akijisemea mwenyewe kila mkutano, mimi nikisikiliza tu. Zamani tulikuwa na zumbe, yaani chifu wetu Washambaa, halafu Uhuru ulipokuja tukaambiwa mambo ya machifu yamekwisha, sasa wote ni ndugu. Tukashangilia. Zumbe alikuwa anabebwa mabegani siku ya sherehe. Ndugu Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa mtu wa usawa, hakukubali kubebwa mabegani. Alibebwa na Landrova.

Wazungu wale walikuwa watu wa kuogopa baridi, na gari lao walilijaza silaha za kupigana nayo. Miguuni, upande wa abiria, palikuwa na sanduku la bati lenye milango miwili midogo. Hiyo ndiyo hita. Kwenye dashibodi palikuwa na kishikizo chekundu cha kuruhusu maji ya moto ya injini yaende kwenye sanduku hilo, na swichi ya feni ya kupuliza joto. Chini ya kioo cha mbele kulikuwa na vidirisha viwili vya kuingiza upepo, kwa siku ambazo gari lingeshuka Muheza kwa watu wanaotoka jasho. Katikati ya yote ikakaa redio. Haya nayajua leo. Wakati ule tulijua tu kwamba kuna vitufe na vishikizo, na kwamba hakuna wa kuvigusa ila Mwenyekiti. Kamati ilipitisha hivyo. Mwenyekiti alipendekeza, Mwenyekiti akaunga mkono, na wajumbe wakaamshwa wapige makofi.

Basi kila asubuhi ya kipupwe, ukungu umelala mpaka kwenye vizingiti vya milango, Nikodemo alikuwa akiingia garini mbele ya ofisi "kupasha injini." Vioo amefunga. Kitu kinanguruma ndani. Injini ya mtu mwingine hupata moto ukimaliza kufunga kilemba. Hii yake ilichukua muda wa kuchemsha maharage. Kisha alishuka, uso unang'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, vifungo viwili vya shati viko wazi, akatuhutubia sisi tuliojifunga blanketi juu ya khanga.

"Ndugu zangu," alikuwa akisema, "baridi hii ni yetu sote. Tuivumilie kwa umoja."

Siku moja mtu akathubutu kuuliza kama mle garini hamna joto. Nikodemo akasikitika sana kwa swali lile. Akaeleza kwamba hita ilikufa hata kabla wazungu hawajafunga mizigo. Tena vidirisha vya upepo haviwezi kufungika, na kwa hiyo kiti cha mbele ndicho mahali penye baridi kuliko pote Usambara. Joto liko nyuma, chini ya turubai, kwa wananchi na kabichi, mtu na mwenzake.

"Mimi nakaa mbele kwa kujitolea," alisema. "Naibeba baridi ile kwa niaba yenu."

Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Mikono ilikuwa imekufa ganzi.

Sasa mwezi wa saba wa mwaka ule, Mussa, mtoto mchanga wa Zuhura, alishikwa na kichomi. Zuhura alikuwa mkamwana wa jirani yangu Mwanahawa, binti mdogo bado, huyo ndiye mtoto wake wa kwanza. Kifua cha Mussa kilikuwa kinaingia ndani kila akivuta pumzi, na mganga wa zahanati yetu alisema hana dawa ya kumfaa, apelekwe hospitali Lushoto kesho asubuhi bila kukosa. Tena akasema neno moja zaidi, kwamba njiani mtoto asipigwe na baridi hata kidogo, maana kifua kile hakiwezi kubeba nyingine.

Gari lilikuwa linakwenda Lushoto kesho yake. Mwenyekiti alikuwa na mkutano. Mwanahawa akaenda kumwomba kiti cha mbele kwa ajili ya mtoto, akarudi kwangu amefura.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Amesema yeye si katili. Hawezi kumweka mtoto mgonjwa mahali penye baridi kali kama kiti cha mbele. Mtoto apande nyuma."

"Nyuma turubai limechanika."

"Nimemwambia. Amesema kabichi zitaziba."

Nikacheka, halafu nikaacha, maana Mwanahawa alikuwa hacheki.

"Mama Raheli," akasema, "mkweo kila asubuhi ana uso wa mtu aliyetoka kuota moto."

"Labda ni uzalendo."

"Mwambie ampishe mtoto."

"Nitamwambiaje? Tangu amwoe Raheli hajanitazama usoni. Kumwambia neno ni mpaka tukodi mtu."

Kwetu mume wa binti yako haonani nawe hivi hivi. Nikodemo akinikuta njiani aliingia shambani mpaka nipite, hata kama shamba lenyewe lina siafu. Hali chakula mbele yangu. Haniiti jina. Neno akitaka nilipate hulisema kwa mtu wa tatu, mimi nikiwa nimesimama pale pale nasikia, na jibu langu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Ni heshima. Ni pumziko pia, ukipata mkwe mwenye maneno mengi.

"Hali nilipo," nikamwambia Mwanahawa, "wala haketi nilipoketi."

Nilipolisema, nikalisikia. Mwanahawa naye akalisikia. Akanitazama, akaanza kufunga vizuri khanga yake kama mtu anayetaka kutoka wakati huo huo.

"Kesho unakwenda Lushoto kufanya nini, Mama Raheli?"

"Sijui," nikamwambia. "Nitajua nikishapanda."

Asubuhi nilifika ofisini wakati dereva, Rubeni, bado anafuta umande kwenye kioo. Nikafungua mlango, nikampandisha Zuhura na mtoto pale katikati, nami nikakaa mlangoni, nikatandaza sketi zangu zote mbili. Rubeni akaja mbio na kitambaa mkononi.

"Mama, hapo ni..."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Enhe, hapo ni nini?"

"Ni pa Mwenyekiti."

"Akija nitampisha. Aje tu aniombe mwenyewe, uso kwa uso."

Rubeni akafikiri kidogo. Halafu akageuka upande wa boneti, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Nikodemo akatokea na koti lake na mkoba wake. Akafungua mlango, akaona sketi, akazijua. Ungedhani ameona chatu. Aliufunga mlango polepole, akageukia ukuta wa ofisi, na ukuta ndio alioanza kuuhutubia.

"Rubeni, mwambie Mama kiti hicho kina baridi sana."

"Mama, anasema..."

"Mwambie nimesikia jinsi anavyoteseka hapa. Leo nataka kumpokea mzigo."

"Rubeni, mwambie Mama ni mtu mzima, ataumwa viungo."

"Mwambie viungo vyangu na vyake ni mali ya kijiji, vyote ni sawa."

"Rubeni." Sauti ilikuwa imeanza kupungua maji. "Mwambie Mama nina mkutano na wenyeviti wenzangu."

"Mwambie aketi basi. Nafasi ipo. Tutabanana."

Nyuma ya gari nikasikia wanawake wa mzigo wa kabichi wakikohoa, wote kwa pamoja, kikohozi cha ajabu. Ukuta haukumpa Nikodemo shauri lolote. Akazunguka, akapanda nyuma, akakaa juu ya gunia karibu na Mwanahawa, koti lake na mkoba wake, chini ya turubai lililochanika. Mwanahawa alimkaribisha kwa adabu zote. Alimpisha pale penye tundu.

Tukaondoka. Mpaka tunapita Lukozi nilikuwa nimejaa furaha kama kibuyu cha maziwa. Baada ya hapo nikaanza kusikia miguu yangu. Sasa sikilizeni vizuri: lile gari kweli lilikuwa na baridi. Tuliliteka kabla mwenyewe hajalipasha, vidirisha vya upepo viko nusu wazi, na ukungu ulikuwa unaingia kama mgeni aliyealikwa.

"Rubeni, washa hiyo hita."

"Mama, mimi naruhusiwa usukani, gia na breki. Na honi, penye kona."

"Hujui inawashwaje?"

"Akiwa anawasha mimi huambiwa nitazame barabara."

Basi nikaanza mwenyewe. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikafundishwa mito ya Ulaya, si Landrova. Nikavuta kishikizo cha kwanza, waipa zikaamka zikakwangua kioo kikavu. Nikasukuma kingine, vile vidirisha vikafunguka wazi kabisa, na upepo wa mlimani ukampiga Mussa usoni. Zuhura akamfunika. Nikazungusha kitufe, redio ikaanza kupiga kelele, mtu mmoja mwenye sauti nzuri akitueleza namna ya kupalilia pamba. Sisi watu wa kabichi tulisikiliza pamba mpaka kwenye msitu wa Magamba, maana kila nilipogusa anyamaze, aliongeza sauti.

Ndani ya msitu kioo kikajaa mvuke. Rubeni akafuta kwa kiganja, kikajaa tena. Akafuta kwa kofia. Mwisho akakanyaga breki, akatoa kichwa nje.

"Mama, hatuwezi kuendelea. Sioni ukingo uko wapi."

"Uko wapi?"

Akatazama chini. "Uko hapa."

Hapo ndipo Zuhura aliposema.

"Bibi, vidole vyake vimekuwa baridi."

Nikavishika. Vilikuwa kama viazi vilivyolala nje. Yule mtoto hakuwa analia tena, na kutolia kwake sikukupenda. Mzaha wote ukaniisha. Nilikuwa nimemleta mbele ili apate joto, nikampa upepo na kilimo cha pamba.

Kati yetu na nyuma palikuwa na kidirisha kisicho na kioo. Nikasema bila kugeuka:

"Rubeni, mwulize Mwenyekiti hita inawashwaje."

"Lakini, Mama, si alisema imekufa?"

"Mwulize ilikuwa inawashwaje enzi za uhai wake."

Rubeni akauliza. Nilikuwa najua anachopima Nikodemo. Akisema, wanawake wote wa kabichi watajua, na kesho kijiji kizima. Asiposema, tutakaa Magamba. Mussa akakohoa, kikohozi kidogo kama cha paka, na gunia likalia. Nikodemo alikuwa amesogea dirishani. Nampa haki yake hapo. Hakungoja kikohozi cha pili.

"Rubeni, mwambie Mama azime redio kwanza. Kile kitufe cha kushoto hakizungushwi, kinabonyezwa. Redio na feni zinakula fyuzi moja, zikiwaka pamoja zinazimika zote."

Nikabonyeza. Pamba ikanyamaza.

"Mwambie afunge vidirisha. Cha upande wake ni kigumu, akigonge kwa kiganja pale chini, penye kutu."

Nikagonga penye kutu. Kikafunga kama kopo.

"Sasa kishikizo chekundu avute mpaka mwisho, halafu akirudishe kidogo, upana wa kidole. Akikiacha mwisho kabisa kinadondosha maji kwenye viatu. Feni aibonyeze mara mbili, mara ya kwanza huwa inadanganya. Mlango wa sanduku wa kulia aufungue. Wa kushoto auache umefungwa, ili joto lipande kwenye kioo. Na wewe Rubeni kanyaga mafuta kidogo, usiiache injini ilale, ikilala utapata vuguvugu tu."

Rubeni alikuwa bado yuko kwenye fyuzi wakati mkono wangu umekwisha fika kwenye feni. Ikanguruma. Kwanza ukaja upepo wa baridi wenye vumbi, nikasema moyoni basi, imekufa kweli. Halafu ukawa wa vuguvugu. Halafu, jamani, joto likatoka kwenye kile kibati kama pumzi ya ng'ombe, likapanda magotini, likaingia chini ya khanga ya Zuhura. Kioo kikaanza kufunguka kwa chini, kidogo kidogo, mpaka tukaona barabara, na tukaona pia jinsi tairi ilivyokuwa jirani na mahali pasipo na barabara. Hakuna aliyetaja jambo hilo.

Tuliposhuka kutoka Magamba, Mussa alikuwa amepata nguvu za kulia, akalia kwa hasira kabisa. Zuhura naye akalia, lakini kwa namna nyingine. Huko nyuma nikamsikia Mwanahawa.

"Ndugu Mwenyekiti, kwa hita iliyokufa, unaifahamu sana."

"Nimebahatisha."

"Na ile kutu nayo umebahatisha?"

"Nilisikia wale wazungu wakielezana."

"Kwa Kishambaa?"

Nilisikia meno yakigongana, maana mahali pale penye tundu ni pabaya.

Hospitalini muuguzi alimpokea mtoto, akampapasa, akamwita tabibu. Wakamdunga sindano, wakamlaza. Tabibu alitoka akatuambia ni kichomi chenyewe, lakini amefika akiwa na joto mwilini na hilo limemsaidia sana, atapona. Akauliza tumewezaje kumfikisha na joto katika hali ya hewa kama ile.

Kwa bahati mbaya, swali hilo aliliuliza nje, penye gari, na Nikodemo alikuwa ameshashuka. Midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau na begani alikuwa na jani la kabichi. Wenyeviti wenzake wawili walikuwa wanapita kwenda mkutanoni, wakasimama kumsalimu. Kuwaona watu wawili wamesimama, Nikodemo akapona baridi pale pale. Akanyoosha koti.

"Daktari," akasema, "ni kujituma tu. Hita ya gari hili ilikuwa imekufa kabisa. Tangu tulipokee haijawahi kuwaka hata siku moja, na mimi mwenyewe nimekaa pale mbele msimu mzima nikitetemeka. Leo, kwa ajili ya mtoto wa mwananchi, nimeitengeneza nikiwa nyuma, kwa maelekezo tu."

Wenyeviti wakatikisa vichwa kwa heshima. Tabibu akampa mkono.

Mimi nilikuwa nimerudi garini kuokota khanga ya Zuhura pale miguuni, na Rubeni alikuwa hajazima injini. Kioo kilikuwa kimekauka kitambo, nikaona hakuna ubaya kuufungua na ule mlango mdogo wa kushoto, nijipashe vidole kidogo kabla ya kushuka. Ulikuwa umebana. Nikauvuta, na ndani yake nikaona sufu. Nikavuta sufu. Ikatoka soksi moja, ndefu, ya kijivu, imekauka vizuri. Nikaingiza mkono tena, ikatoka ya pili. Zilikuwa zimepangwa pale kwa ustadi, kisigino juu, vidole ndani, jinsi mtu anavyoanika kitu mahali alipokwisha kuanika mara nyingi.

Nguo ya miguuni ya mkwe wangu. Siwezi kuishika mbele za watu, kwetu ni aibu kubwa. Nikaishika kwa ncha ya khanga, kama mtu anayeondoa panya, nikamkabidhi Rubeni.

"Mwulize Mwenyekiti," nikamwambia, "hizi ni za nani."

Rubeni akazinyanyua. Zilikuwa bado za moto, na harufu yake ilifika kabla ya swali. Wenyeviti wawili wakazitazama. Tabibu naye akazitazama. Wanawake wa kabichi wakaacha kushusha magunia, wakaja kuzitazama kwa karibu.

Nikodemo akatafuta ukuta. Hapakuwa na ukuta, palikuwa na mti wa mkaratusi, akaugeukia.

"Za Rubeni," akauambia.

Rubeni akatazama miguu yake. Alikuwa amevaa makatambuga ya tairi, na vidole vyote kumi viko nje, vyeusi kwa matope. Akavitazama kwa muda, kama anavihesabu. Kisha akauliza kwa upole kabisa, kwa sauti ya mtu anayeomba maelekezo ya kazi:

"Ndugu Mwenyekiti, niambie basi nilianza lini kuvaa soksi, ili mke wangu akiniuliza nimjibu vizuri."